Kujuliana hali si adabu tu

Muhula uliopita niliita majina darasani, desturi ambayo wahadhiri wengi tumeitupa kwa kudhani kwamba ni ya shule za msingi. Mwanafunzi mmoja hakuitika. Nikauliza aliko. Hapana aliyejua, wala aliyekuwa ametambua kwamba hayupo. Baadaye ilibainika kuwa kijana huyo alikuwa amejifungia katika chumba chake cha kukodi kwa majuma matatu, mgonjwa, akiishi kwa mkate mkavu na chai ya rangi. Darasa lenyewe lina wanafunzi zaidi ya mia moja.

Somo langu likiwa ni isimu, nilijikuta nikikitafakari kitenzi "kujuliana hali". Mzizi wake ni "jua". Ukatiwa kauli ya kutendea, kisha ya kutendana. Hali yako naijua kwa ajili yako, nawe yangu vivyo hivyo. Hata "hujambo" huuliza iwapo msalimiwa hana jambo la kumsumbua. Sina ugomvi na "sasa" na "poa" za vijana. Ugomvi wangu ni kwamba anayeuliza huwa amekwisha kupita kabla ya kujibiwa.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya adabu, si ya afya. Mwaka 1979, Lisa Berkman na Leonard Syme walichapisha matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wakazi wa Alameda, California, kwa miaka 9. Waliokosa ndoa, jamaa, marafiki na vyama vya kujiunga navyo walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara 2 kuliko wenzao waliozungukwa na watu. Tofauti hiyo haikutoweka hata baada ya kuzingatiwa sigara, pombe, unene na mazoezi ya mwili. Nayo tume ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria mnamo Juni 2025 kwamba upweke unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka, na kwamba vijana ni miongoni mwa wanaoumia zaidi.

Sababu nyingine hazihitaji daktari kuzieleza. Mwenye mtu wa kumwambia "mbona hujala?" hula. Mwenye mwenzake wa matembezi ya jioni huona haya kubaki kitandani.

Naam, urafiki huambukiza maovu pia. Wengi waliovuta sigara ya kwanza waliivutia nyuma ya bweni, na hawakuwa peke yao. Lakini mlango huo una pande mbili. Nicholas Christakis na James Fowler, wakitumia kumbukumbu za watu 12,067 wa Framingham, Marekani, walionyesha mwaka 2008 kwamba watu huacha sigara kwa makundi. Rafiki alipoacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 36. Mume au mke alipoacha, kwa asilimia 67. Mwalimu anayemwonya mvutaji mmoja mmoja ofisini basi anajichosha. Na azungumze na kundi zima.

Nasi walimu tusijitoe katika hesabu hii. Mwalimu aliyepelekwa kufunza mbali na kwao hana jamaa wala jirani anayemfahamu. Zamani chai ya saa nne katika majilisi ilimkutanisha na wenzake. Siku hizi kila mmoja hunywa yake akiinamia simu.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mhadhiri apewe wanafunzi kumi na watano, akutane nao mara moja kwa mwezi, si kwa ajili ya tasnifu bali kuwajulia hali. Nimekwisha kuambiwa kwamba hatuna wakati. Kuita majina ya darasa langu huchukua dakika saba, na tangu siku ile sijaacha.