Gemu za mkononi: kaseti ya zamani kwenye mashine mpya

Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka Juru, Rubondo na Base Camp. Ndugu aliyehamishiwa Marekani ametuma mashine ya gemu ya mkononi. Mtoto anafurahi, lakini baada ya wiki anaanza kuomba pesa ya kaseti. Huko Mbarara anaambiwa, “Nunua hii moja tu, iko na gemu mia.” Je, itafanya kazi? Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa 2023, hakuna nyumba yenye shilingi ya kuchezea. Basi tulielewe jambo hili vizuri kabla mtu hajauza mahindi.

Kwanza tujue mashine. Game Boy Advance ya Nintendo ilitoka 2001. Nintendo DS ilifuata 2004, ikiwa na matundu mawili: la juu ni la gemu za DS, la chini ni la kaseti za Game Boy Advance. DS Lite ya 2006 nayo ni hivyo hivyo. Lakini DSi, iliyotoka Japani 2008 na nchi nyingine 2009, iliondolewa tundu la chini. 3DS ya 2011 na 2DS ya 2013 pia hazina. Kwa hiyo ukileta kaseti nene ya Game Boy kwa mashine hizi, haina pa kuingia. Kaseti halisi za DS ndizo zinaingia na kucheza.

Sasa ile “kaseti ya gemu mia”. Kaseti ya kawaida imeandikwa gemu yake kiwandani. Hii nyingine ni ya kujaza: ndani unatia memori kadi ndogo kama ya simu, mafaili unayaweka kwa kompyuta. Iliyojulikana sana inaitwa R4. Zile R4 za mwanzo zilitengenezwa kwa DS na DS Lite. Hazisomi memori kadi inayozidi GB 2, na kwenye DSi au 3DS hazifanyi kazi. Kwa nini? Kaseti hiyo inajifanya gemu halisi ili mashine iifungulie. Mashine mpya zinakagua, na kila Nintendo ilipotoa marekebisho ya programu, kaseti nyingi zilikataliwa. Ni kama askari wa getini aliyepewa orodha mpya: jana ulipita, leo unarudishwa. Baadaye walitengeneza kaseti nyingine za DSi na 3DS, lakini kwa macho zinafanana na za zamani, na hapo ndipo watu wanapoliwa pesa.

Jambo la pili ni emuleta. Hii ni programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya mashine nyingine. Kanuni yake ni rahisi: mashine inayoigiza lazima iwe na nguvu kuzidi ile inayoigizwa, nguvu za kutosha kweli. Ndiyo maana DS inaweza kuigiza mashine za miaka ya 1980, lakini nyingine zinaishinda. Simu ya kawaida ya Android, hata ya bei ndogo, inaigiza Game Boy bila shida. Kwa hiyo kama mtoto anataka gemu za zamani tu, jamani, pengine chombo kiko tayari mfukoni mwa baba. Hakuna sababu ya kupanda gari mpaka Mbarara.

Na sheria je? Emuleta yenyewe si kosa. Mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony na Connectix. Kunakili gemu ya mtu ni jambo lingine. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta, na Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2010 iliamua kwamba kuingiza na kuuza kaseti kama R4 ni kinyume cha sheria. Ni kweli duka la DSi la kwenye intaneti lilifungwa 2017, na la 3DS likaacha kuuza Machi 2023, kwa hiyo kupata gemu kihalali kumekuwa kugumu. Lakini ziko gemu ambazo watu wamezitunga wenyewe na kuzitoa bure. Hizo ndizo tunawaonyesha vijana wetu.

Hatari kubwa kuliko zote ni chaja. Soma maandishi madogo nyuma yake. Chaja ya Marekani imeandikwa volti 120, na umeme wa Uganda ni volti 240. Ukichomeka kwa adapta ya kubadilisha pini tu, chaja itaungua. Adapta haipunguzi umeme, inabadilisha miguu peke yake. DSi, 3DS na 2DS zinatumia chaja ya aina moja, na kuna waya wa USB unaoziingia. Huo unachomeka kwenye sola yenye tundu la USB, na ni salama zaidi.

Ukienda dukani, fanya hivi:

1. Beba mashine yenyewe. Kaseti kufanya kazi kwa DS Lite ya mwenye duka haithibitishi lolote kuhusu 3DS yako.
2. Washa, fungua gemu, cheza, hifadhi, zima, washa tena. Ikibaki ulipoachia, ndipo ulipe.
3. Kama kaseti inafanya kazi, usikubali marekebisho ya programu kwa haraka. Kurudi nyuma si rahisi.

Mwisho, watoto wadogo. Nintendo yenyewe ilionya kwamba watoto wa miaka 6 kushuka chini wasitumie picha ya kina ya 3DS. Kitufe cha kuizima kiko pembeni ya kioo. 2DS haina picha hiyo kabisa.

Aliye na mashine asiyoielewa ailete darasani Jumamosi pamoja na chaja yake, tutaisoma pamoja kabla hamjatoa hata shilingi. Mbaki na amani.