Kalenda ya kazi inapobaki bila mwenyewe

Kalenda ya pamoja, yaani ratiba ya kielektroniki inayosomwa na watumishi wengi, kwa kawaida hufungamana na akaunti ya aliyeianzisha, hivyo anapoacha kazi, hatima ya ratiba hutegemea namna akaunti yake inavyofungwa. Katika viwanda vya chai vya wakulima wadogo, kama Litein na Kapkatet katika kaunti ya Kericho au Mogogosiek na Kapkoros kule Bomet, athari yake si ndogo: mashamba huchumwa kwa mizunguko ya takriban siku 7 hadi 14, na majani mabichi yakicheleweshwa hupata joto na kuharibika, kwa hiyo lori ambalo zamu yake katika kituo cha kununulia majani imepotea pamoja na kalenda ni hasara ya mkulima kabla ya kuwa aibu ya ofisi.

Mfumo wa Google humruhusu msimamizi kuhamisha matukio yajayo kwa mtumishi mwingine kabla ya akaunti kufutwa, na akaunti iliyofutwa huweza kurejeshwa ndani ya siku 20. Microsoft hutoa siku 30, lakini vikao vya kujirudia vilivyoitishwa na aliyeondoka huweza kubaki katika kalenda za waalikwa bila wa kuvifuta kwa wote. Tiba iliyo rahisi zaidi, ambayo mara nyingi hupuuzwa, ni kuandika zamu za malori na siku za mafunzo ya wakulima kwenye akaunti ya cheo badala ya ya mtu, na kubadilisha nywila ya akaunti hiyo siku ileile mhusika anapokabidhi kazi.