Mnunuzi Aliyesema Atarudi



Mama mmoja wa hapa Kilelengwani ameniuliza jambo ambalo, kila ninapolifikiri, naliona kuwa ni la nyumba nyingi. Yeye na mumewe wana nyumba Garsen, ya mawe na bati, nao wameazimia kuiuza ili walipe deni na wasomeshe watoto. Akaja mnunuzi, mtu mpole wa maneno, akaizunguka nyumba, akauliza bei, akaonyesha kuridhika, akaondoka akisema apewe siku chache atawajibu. Siku chache zimekuwa miezi mitatu. Hajakubali, hajakataa. Akipigiwa simu husema bado anaswali istikhara. Mama auliza: je, wana haki ya kumuuzia mwengine, au wamefungika kwa maneno ya bwana yule?

Kabla ya kuingia katika hukumu, natuitazame hali yenyewe, kwani sisi wanaume huiona nusu tu. Nyumba inayongoja jibu ni kama binti aliyeposwa, kisha upande wa pili ukanyamaza. Mama hapaki chokaa, kwa kuwa huenda anampakia mwengine. Jiko la uani lavuja na masika yakaribia, lakini nani atatoa fedha za makuti kwa paa ambalo huenda wiki ijayo si lake? Mtoto hajui muhula ujao atakuwa skuli ipi. Mpangaji aliyetaka chumba ameambiwa naye angoje. Mnunuzi hayaoni haya. Kwake yeye kungoja hakumgharimu kitu; mwenye nyumba hulipa kila siku ipitayo. Na mji huu, uliotiwa moto Septemba 2012, hauhitaji kufundishwa nyumba ina thamani gani kwa mama na wanawe.

Mfano wa posa sikuutoa hewani. Mtume (S.A.W.) ameyakataza mambo hayo mawili pamoja: mtu kuingilia mauzo ya nduguye, na mtu kuposa juu ya posa ya nduguye. Wanazuoni wakauliza, katazo hilo laanza wakati gani? Wakatazama kisa cha Bibi Fatima bint Qays (R.A.). Alipomaliza eda yake alimweleza Mtume kwamba Muawiya na Abu Jahm wamemposa, naye Mtume akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Lau posa pekee ingemfunga mwanamke, Mtume asingemtajia mtu wa tatu. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yafuatwayo na watu wengi wa pwani yetu, amekifanya kisa hiki kuwa hoja katika Ar-Risala: katazo ni pale mwanamke alipokwisha kuridhia, na kabla ya hapo mlango u wazi.

Na mauzo ni hivyo hivyo. Katika madhehebu yetu biashara hufungwa kwa tamko la muuzaji na kukubali kwa mnunuzi katika kikao kimoja. Hata wakishafunga, kila mmoja ana hiari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana, kama ilivyopokewa kwa Hakim bin Hizam. Akitaka muda zaidi wa kujifikiria, na ashurutishe, lakini muda huo kwa Imam Shafi hauzidi siku tatu. Asili yake ni kisa cha Habban bin Munqidh, sahaba aliyekuwa akihadaiwa sokoni, ambaye Mtume alimpa hiari ya siku tatu katika kila anachonunua. Siku tatu zilimtosha mtu aliyejulikana kwa kuhadaiwa. Miezi mitatu ni ya nini?

Basi, mama yangu, hamkufungika. Bwana yule aliondoka bila ya kukubali, na maneno yale yalikwisha pale alipotoka mlangoni. Lakini kwa kuwa nyinyi wenyewe mlimwambia "haya, tutakungoja", adabu yataka mumwambie wazi kabla ya kumfungulia mwengine. Mtajieni siku. Mwambieni: tutakungoja hadi Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, ukinyamaza, tutajua umeacha. Naye asione vibaya, kwani kuacha si dhambi. Mtu aliyeona nyumba haimfai akasema "haikunifaa" amewatendea wema. Ubaya ni kuwashika watu mkono bila ya kuwavuta wala kuwaachia. Na aliye mbaya zaidi ni yule anyamazaye makusudi, akijua karo za skuli zaja, ili siku ya dhiki arudi na bei ya nusu.

Kuhusu istikhara, niseme neno moja. Ni rakaa mbili na dua. Haikuwekwa iwe kichaka cha kujifichia.

Wako watakaosema dawa ni arbuni, yaani mnunuzi atoe fedha kidogo za kufunga maneno, akirudi nyuma ziwe za muuzaji. Hapa wanazuoni wamekhitilafiana. Imam Abu Hanifa, Imam Malik na Imam Shafi hawakuijuzisha. Imam Ahmad ameijuzisha, na hoja yake ni kisa cha nyumba vilevile. Nafi bin Abd al-Harith, liwali wa Sayyidna Umar (R.A.) huko Makka, alitaka kununua nyumba ya Safwan bin Umayya ili iwe jela ya mji. Aliyekuwa na neno la mwisho alikuwa Umar, na Umar alikuwa Madina. Wakapatana kwamba Umar akiridhia, mauzo yamepita. Asiporidhia, Safwan atapata mia nne. Tazameni basi, kina mama: hata kiongozi wa Waislamu wote, aliyeogopwa na wafalme, hakungojewa bure. Yalikadiriwa malipo ya kungoja kwa mwenye nyumba.

Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei, likaijuzisha arbuni kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa mpaka. Mimi, kwa anayeshika madhehebu ya Shafi, namshauri arudishe fedha za aliyejitoa, ni salama zaidi kwa dini yake. Lakini lile sharti la mpaka nalichukua na kuliweka juu ya kila mapatano ya nyumba, yawe na arbuni au yasiwe nayo.

Mpaka huo uandikwe. Qur'ani katika Suratul Baqara imetuamuru kuliandika deni la muda maalumu na kushuhudisha tunapouziana, nayo sheria ya Kenya haiutambui mkataba wa kuuza ardhi mpaka uwe wa maandishi, umetiwa saini na pande zote mbele ya mashahidi. Wala msidhani Kadhi atawaamulia. Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imempa Kadhi ndoa, talaka, hali ya mtu na mirathi. Ugomvi wa mauzo ya nyumba haumo.

Tusimdhulumu mnunuzi pia, kwani mara nyengine ana sababu. Katika Delta yetu mtu huuza nyumba na minazi yake, kumbe ardhi iliyo chini ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka thuluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa katika jamii waridhie kabla ya ardhi hiyo kutolewa. Na isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa amana, nayo haina ruhusa kuiuza. Mnunuzi anayechunguza hayo ni mtu mwenye akili. Ila aseme kwamba anachunguza, na aseme atamaliza lini. Hali kadhalika nyumba ya urithi yenye ndugu watano: Mtume ameagiza mshirika aarifiwe kabla ya kuuzwa kwa mgeni, achukue au aache. Na mume asimpe mtu ahadi ya nyumba anayokaa mkewe kabla ya kushauriana naye. Nimeona mnunuzi akilaumiwa kwa kuchelewa, kumbe alikuwa amekwisha sikia kwamba mama wa nyumba hana habari.

Kuna kisa kimoja cha kungoja jibu ambacho hunipendeza kuliko vyote. Abu Rafi alikuwa na vyumba viwili ndani ya boma la Sa'd bin Abi Waqqas, akamtaka Sa'd avinunue. Sa'd alikataa, mpaka Miswar bin Makhrama akamhimiza. Ndipo akasema hatazidisha dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa ameshapewa na mwengine dinari mia tano taslimu. Akaziacha, akamuuzia jirani yake, kwa sababu ya aliyoyasikia kwa Mtume kuhusu haki ya jirani. Haki hiyo kwa Imam Shafi si ya lazima kwa jirani asiye mshirika, lakini Abu Rafi aliitoa. Katika vijiji vyetu, ambapo ni muhimu mno ukuta wako unapakana na nani, ningependa jirani aulizwe kwanza, naye ajibu upesi.

Limebaki la muuzaji. Huenda bwana yule ananyamaza kwa kuwa amesikia habari za maji kwa watu wa nje, si kwenu. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yaliacha alama katika kuta nyingi za Garsen. Si halali kwa Mwislamu kuuza chenye aibu bila ya kuibainisha. Mama aliyeniuliza nilimwuliza nami: alama ya maji ya nyumba yenu yafika wapi, na je, mlimwonyesha? Akaniambia walikuwa wameegemeza kabati. Nikamwambia, liondoeni kabati, mwiteni aione, kisha ndipo mmtajie Ijumaa.

Wallahu a'lam.