Neno la Mchungaji: Muhuri na Moyo



Kijana anatafuta kazi mu mine. Siku moja anapata imeli yenye jina la kampuni kubwa: "Tumekukubali. Tuma kwanza makuta ya dosie." Mama anauzisha mbuzi, makuta yanaenda, kazi haionekani. Namna gani mwizi anaandika kwa jina la mwingine?

Sababu iko ya zamani. Sheria ya kusafirisha imeli, iliyoandikwa mwaka 1982, haikumwomba mtumaji kuhakikisha jina lake. Ni sawa na bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina lolote. Basi spamu, ni kusema barua tusizoziomba, zikapata njia wazi.

Kisha mafundi wakaweka ulinzi wa namna tatu. SPF, ya mwaka 2006, ni orodha: mwenye jina anatangaza ni ordinatere gani zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. DKIM, ya mwaka 2007, ni muhuri: inaonyesha nyumba iliyoutia, na kama maneno yamegeuzwa njiani. DMARC, ya mwaka 2015, inaangalia kama jina tunalolisoma linapatana na orodha ao na muhuri. Lisipopatana, mwenye jina amekwisha kusema kama barua ipite, iwekwe pembeni, ao ikataliwe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai ulinzi huu kwa wale wanaotuma barua nyingi sana.

Sasa tusikilizane vizuri. Muhuri unasema barua imetoka nyumba gani. Hausemi kama mwenye nyumba ana moyo safi. Mwizi anaweza kununua jina lake mwenyewe, linaloachana na la kampuni kwa herufi moja tu, akatia mihuri yote, na imeli yake ikapita. Lakini faida iko: nyumba yenye sifa mbaya ikijulikana, barua zake zinafungiwa mlango.

Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya barua inayojifanya kuwa yake, akaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, iwe alama (2 Wathesalonike 2:2, 3:17). Naye Yohana anatuagiza tujaribu hata roho (1 Yohana 4:1). Kwanza mkono, halafu roho.

Kwa hiyo, kijana, soma jina linalofuata alama ya @ herufi kwa herufi. Enda wewe mwenyewe ku biro ya kampuni, uulize. Na yule anayekuomba makuta ili akupe kazi, usimtumie hata franka moja, hata kama muhuri wake ni wa kweli. Wazazi, someni imeli hiyo pamoja na mtoto kabla ya kufungua mfuko.

Bwana awape akili ya kupambanua. Amina.