PIKIPIKI YA SAFARI SIO KITI CHA KUPIGIA PICHA! MASTAA WAACHE KUCHEZA NA MIGUU YA WATOTO WA WATU

Wiki mbili sasa mjini stori ni moja. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, mwenye wafuasi wa kumwaga, kajigeuza msafiri. Kavuta pikipiki kubwa ya safari, zile ndefu zinazopiga lami na porini, halafu kaposti picha akiwa milimani Lushoto. Kapsheni ndefu kama barua ya posa: eti katoka Dar peke yake, jua lake, mvua yake. Laiki zikamiminika. "Mwamba!" "Mwanaume wa shoka!"

Tatizo likawa tairi.

Wanaozijua pikipiki waliivuta ile picha karibu, wakaona tairi la mbele bado lina vile vinywele vya mpira ambavyo tairi jipya hutoka navyo kiwandani. Dar mpaka Lushoto ni zaidi ya kilomita 300. Vinywele vya katikati ya tairi havifiki hata Chalinze. Kabla watu hawajamaliza kucheka, ikavuja picha nyingine: Canter imepaki pembeni ya barabara, pikipiki ile ile imefungwa kamba nyuma, imetulia kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kesho yake sehemu ya maoni ikafungwa.

Ingeishia hapo, basi, kiki kama kiki nyingine. Mjini watu wameshaazima magari, nyumba, mpaka wachumba wa kupiga nao picha. Ila haikuishia hapo.

Siku chache baadaye msanii huyo huyo akaenda kurekodi video kwenye mchanga wa Kigamboni. Nyuma kampakia dansa, binti mdogo tu, kavaa kaptura na viatu vya wazi, kichwani hana kitu zaidi ya nywele za bandia. Kamera zikawashwa, jamaa akavuta mafuta, mbele kukazama, chombo kikalala. Staa akaruka pembeni. Binti akabaki chini, mguu umebanwa na ekzosi ya moto. Leo anatembea kwa magongo, wakati timu ya msanii inawaambia watu eti "aliteleza mazoezini." Mazoezi gani yanaunguza ndama ya mguu?

Sasa ukweli usemwe, maana kuna vijana kibao wanaziangalia hizo video na kudhani kazi ni kuwa na hela tu.

Pikipiki za safari za ukubwa wa kati, kuanzia cc 300 hadi 700 hivi, ni pikipiki za kazi. Royal Enfield Himalayan 450 ina karibu kilo 196. Yamaha Ténéré 700 inavuka kilo 200 ikiwa na mafuta, na kiti chake kiko juu kiasi kwamba mtu mfupi anagusa chini kwa vidole. Pikipiki hizi zina tairi la mbele la inchi 21 ili lipande mawe na kuvuka mashimo, na springi ndefu za kumeza rafu rodi. Kwenye lami zinakwenda siku nzima bila kulalamika, porini zinapita ambapo gari dogo linageuza. Ndiyo maana barabara za nchi hii ni kama zimetengenezewa hizo: leo lami safi, baada ya kona moja vumbi, mvua ikinyesha tope.

Lakini pikipiki ya kati haimbebi mzembe. Kwenye lami zipo zinazokimbia kuliko hiyo, na porini zipo nyepesi kuliko hiyo. Yenyewe inafanya vyote viwili kwa sharti moja tu, aliyekaa juu awe anajua.

Mchanga peke yake ni shule. Anayejua anashuka kwanza, anapunguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana. Akiingia mchangani anasimama juu ya vikanyagio, magoti yameshika tangi, uzito kausogeza nyuma, macho yako mbali, mafuta anavuta polepole bila kukata. Asiyejua anakaa kama yuko kwenye sofa, anaangalia tairi la mbele, akihisi linacheza anaogopa, anaachia mafuta na kukamata breki ya mbele. Tairi linachimba, mtu anakwenda chini. Ukimpakia abiria ambaye hajawahi kukaa kwenye chombo hicho, uzito wote uko nyuma na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto. Kilichotokea Kigamboni hakikuwa bahati mbaya. Kiliandaliwa, kikapigiwa na taa.

Changarawe nazo zina masharti yake. Breki ya mbele ikikamatwa kwa pupa kwenye kona ya kokoto, hakuna sala itakayowahi. Mteremko mrefu unashukwa kwa gia ndogo, injini ndiyo inashika. Udongo mwekundu wa milimani, kama ule wa kutoka Lushoto kwenda Mtae, ukilowa unateleza kama sabuni, na hapo tairi za lami ni mapambo, zinatakiwa za kashata zenye meno. Haya yote hayanunuliwi pamoja na chombo. Yanapatikana kwa kuanguka ukiwa mwendo mdogo, umevaa, mahali ambapo hakuna mtu wa kumuumiza.

Na wapo waliojifunza hivyo. Kuna dada mmoja mtangazaji wa redio, hapa mjini wengi wanamjua kwa sauti kuliko kwa sura. Kaanza na pikipiki ya cc 150, mwaka mzima kaanguka nayo kwenye njia za vumbi za nje ya mji, kajifunza kuinyanyua bila kuita watu: mgongo kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani, miguu inasukuma kurudi nyuma. Ndipo akapanda cc 400. Juzi kaposti picha akiwa na buti za tope mpaka magotini, jaketi la kinga, glovu, helmeti inayofunika mpaka kidevu. Kapata laiki za kuhesabu kwa mkono, na maoni ya "dada umekuwa dume" na "utaolewa na nani?" Aliyesafirisha pikipiki kwa Canter ndiye mwamba, aliyeiendesha kweli ndiye kituko. Hapo ndipo mashabiki nao wanatakiwa kujitazama kwenye kioo.

Kitambo kabla ya Insta, mabwana shamba na wauguzi wa vijijini walikuwa wanakata rafu rodi na Yamaha DT na Honda XL, wamebeba chanjo na mbegu. Hakuna aliyewapiga picha, ila kesho yake walikuwa kazini tena.

Team staa watasema ni wivu. Watasema hela zake, chombo chake, mwacheni kijana ale maisha. Sawa, hela ni zake na chombo ni chake. Je, mguu wa yule binti nao ni wake? Yule binti anaishi kwa kucheza, mwezi asiocheza hana kodi ya chumba. Ukiwa na chombo chako endesha peke yako, anguka peke yako, hakuna atakayekusumbua. Siku unayompakia mtu, kichwa chake kiko mikononi mwako.

Wengine watasema helmeti inaharibu video, sura haionekani. Tafiti zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Bodaboda akibeba abiria bila helmeti anaitwa mhuni, anasimamishwa na trafiki, anahubiriwa kwenye redio. Staa akifanya hivyo hivyo na chombo kizito zaidi inaitwa video kali. Muulize nesi yeyote wa wodi za MOI pale Muhimbili kama lami inajua nani ana wafuasi wengi.

Kwa hiyo msanii huyo, na wengine wanaopanga foleni kumuiga, kazi ni nyepesi. Mlipieni yule binti matibabu na siku zake zote alizokosa kazi, hadharani kama mlivyoposti hadharani. Semeni alidondoka kwenye pikipiki, sio mazoezini. Tafuteni fundi wa kuendesha awafundishe miezi kadhaa, wapo. Mkishajua, vaeni, mvalisheni na mnayempakia, halafu nendeni Lushoto kwa tairi zenu wenyewe. Mkirudi na vumbi, hata laiki zitakuwa halali.

Wadau, mnasemaje? Staa alipe au binti "alijitakia"? Shusha maoni hapo chini, matusi kaa nayo nyumbani.