AFYA YA FAMILIA: Homa ya Nungwi huenda ilianzia Kasulu

LIKIZO ya shule inapokaribia, wapo wazazi wa Kasulu na Kibondo ambao mwaka huu hawawapeleki watoto kwa bibi. Wameweka akiba kidogo kidogo, wamesubiri maharage yauzwe, na sasa wanataka watoto waione bahari. Kwa wengi bahari maana yake ni Unguja: Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini, Paje na Jambiani upande wa mashariki, au Kizimkazi kusini.

Maandalizi huanza na nauli, nguo na mahali pa kulala. Jambo ambalo huachwa nyuma ni afya ya wasafiri wenyewe kabla hawajatoka nyumbani. Ndilo linaloweza kuigeuza likizo kuwa msiba, hasa kama ndani ya msafara kuna mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito.

Chukua mfano wa familia inayoondoka Kasulu Ijumaa asubuhi. Wanalala njiani, wanafika Dar es Salaam, wanapanda boti, na Jumapili jioni wako Nungwi. Jumatatu na Jumanne watoto wanashinda majini. Jumatano usiku mtoto wa miaka minne anaanza kuchemka, analalamika kichwa na anakataa chakula. Baba anasema ni jua. Mama anasema ni maji ya chumvi aliyokunywa. Mwenyeji wao anasema mtoto amechoka na safari, apewe panadol alale.

Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, na hesabu yake ni rahisi. Tangu mbu aume hadi homa ya malaria ianze kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14, na wakati mwingine zaidi. Jumatano ile familia ina siku tano tu tangu itoke nyumbani. Kama homa hiyo ni malaria, mbu aliyempa mtoto yupo Kasulu, si Nungwi. Mtoto alipanda basi akiwa mzima wa kuonekana, lakini vimelea tayari vilikuwa ndani yake.

BARIDI YA MILIMANI HAIZUII MBU

Ipo dhana ya siku nyingi kwamba nchi ya Waha, kwa kuwa ni ya milima na asubuhi zake huhitaji sweta, haina malaria nyingi. Takwimu zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulipima damu za watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Mkoa wa Kigoma ndio ulioongoza: takribani watoto 24 kati ya kila 100 walikutwa na vimelea. Wastani wa nchi ulikuwa watoto 7 kati ya 100.

Zanzibar, katika kipimo hichohicho, haikufika hata mtoto mmoja kati ya 100.

Kwa maneno mengine, familia inayosafiri kutoka Kibondo kwenda Paje inatoka sehemu yenye malaria nyingi kwenda sehemu ambako ugonjwa huo umebanwa hadi kuwa nadra. Ushauri mwingi wa wasafiri huandikwa kwa ajili ya mgeni anayetoka nchi za baridi, na humwonya kuhusu mbu atakaowakuta kisiwani. Kwa mtu wa Kigoma mambo yamegeuka: hatari kubwa ni ile anayoondoka nayo.

Tena si wote wenye vimelea huugua. Mtu mzima aliyekulia Kasulu, akiugua malaria mara kwa mara tangu utotoni, mwili wake hujenga kinga ya kiasi. Anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote. Mtoto mdogo na mama mjamzito hawana ulinzi huo wa kutosha, na ndio wanaozidiwa haraka.

KISIWA KILICHOFANYA KAZI KUBWA

Zanzibar haikufika hapo kwa bahati. Miaka ya 1960 malaria ilipunguzwa sana kwa kupuliza dawa majumbani, lakini mpango ule ulipokoma mwaka 1968 ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Safari ya pili ilianza mwaka 2003, Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto ya artesunate na amodiaquine. Vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa nyumba.

Baadaye ukaongezwa ufuatiliaji wa mgonjwa mmoja mmoja. Tangu mwaka 2012 Zanzibar inatumia mfumo wa simu unaoitwa Coconut Surveillance. Kituo cha afya kikimkuta mtu na malaria, taarifa hutumwa, na ofisa wa wilaya huenda hadi nyumbani kwake kuwapima wanaoishi naye. Moja ya maswali yanayoulizwa ni iwapo mgonjwa amesafiri nje ya Zanzibar siku za karibuni.

Swali hilo si la kumsuta mgeni. Watafiti waliochunguza jinsi malaria inavyoingia visiwani waligundua kwamba Wazanzibari wenyewe wanaorudi kutoka bara huleta vimelea kuliko wageni. Sababu ya kuulizwa ni kwamba mbu wa malaria bado wapo Unguja na Pemba. Mbu akimuuma mtu mwenye vimelea, baada ya siku kama kumi au zaidi anaweza kumwambukiza mwenyeji, ambaye pengine hajawahi kuugua malaria na hana kinga hata kidogo.

Kwa hiyo mzazi anayelaza mtoto wake ndani ya chandarua Nungwi hamlindi mtoto wake tu. Anamlinda pia mtoto wa nyumba ya jirani.

KABLA YA KUONDOKA

Maandalizi ya afya yaanze wiki mbili kabla ya safari. Sababu ni ileile hesabu ya siku: mbu wa wiki hizo ndiye anayeweza kuleta homa ufukweni. Watoto wote walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata zile siku ambazo nyumba imejaa wageni na mikeka imetandikwa sebuleni.

Yeyote mwenye homa katika siku hizo aende zahanati akapimwe. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria, dawa ya ALu hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa, na hukamilishwa hata kama homa imekata siku ya kwanza. Kama dozi inaangukia siku za safari, ni bora kuahirisha basi kuliko kuacha vidonge. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa baada ya kunywa dawa, dozi hiyo hurudiwa, na boti ya kwenda Unguja ina sifa ya kuwatapisha wasioizoea.

Si busara kumnywesha mtoto dawa ya malaria bila kupimwa, eti kumsafisha kabla ya safari. Mama mjamzito asiruke tarehe yake ya kliniki kwa ajili ya likizo. Mzazi mwenye mtoto wa seli mundu azungumze na daktari kabla ya kukata tiketi, kwa sababu malaria na upungufu wa maji mwilini ni hatari zaidi kwake.

Katika begi, pamoja na nguo za kuogelea, iwemo kadi ya kliniki ya mtoto au daftari lake la matibabu, kipimajoto, pakiti kadhaa za ORS na chandarua kama mahali pa kulala hapana uhakika nacho. Mwenye kadi ya bima aulize mapema ni vituo gani vya Unguja vitakavyomhudumia.

Daftari lina kazi yake. Kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu hutafuta mabaki ya protini ya vimelea na si vimelea vyenyewe. Mtoto aliyetibiwa Kibondo wiki mbili zilizopita anaweza kupimwa Paje na kuonekana ana malaria, kumbe homa ya safari hii ina chanzo kingine. Mhudumu akiona tarehe ya matibabu na dawa iliyotumika, ataomba kipimo cha darubini na ataamua vizuri zaidi.

HOMA IKIJA UFUKWENI

Ni kweli si kila joto ni malaria. Mtoto aliyeshinda juani bila kofia na bila maji ya kunywa hupata joto, kichwa humuuma na hulegea. Akiwekwa kivulini, akafutwa kwa kitambaa chenye maji na kunyweshwa, kwa kawaida hupata nafuu haraka. Lakini hakuna mzazi anayeweza kutofautisha jua na malaria kwa kugusa paji la uso. Mtoto aliyetoka Kigoma akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo.

Aliyeko Nungwi au Kendwa ana hospitali ya Kivunge. Aliyeko Jambiani au Kizimkazi ana hospitali ya Makunduchi. Mjini ipo hospitali ya Mnazi Mmoja.

Jambo la kwanza la kumwambia mhudumu, hata kabla hajauliza, ni hili: "Tumetoka Kigoma juzi." Maneno hayo matatu yana uzito. Mahali ambapo malaria imekuwa nadra, si rahisi kila homa ya mtoto ifikiriwe kuwa malaria. Mzazi akinyamaza, au akisema tu kwamba wamefikia Nungwi, anaweza kuchelewesha kipimo. Kipimo kikisema hapana na homa ikaendelea, mtoto arudishwe apimwe tena.

Zipo dalili zisizosubiri asubuhi: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea sana au kutoamka vizuri, na kupumua kwa shida. Hapo ni kukodi gari na kwenda hospitali usiku huohuo. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate, si kwa vidonge, na kila saa ina thamani yake.

ZIWA SI BAHARI

Mtoto aliyewahi kuoga Ziwa Tanganyika atadhani anayajua maji. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Bahari ya Unguja, siku za bamvua, hupanda na kushuka takribani mita nne. Paje na Jambiani maji yakipwa hurudi mbali sana, na akina mama hushuka kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Familia ngeni huwafuata, watoto wakiokota makombe, kisha maji huanza kurudi. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yao, na mtoto asiyejua kuogelea hujikuta amezungukwa.

Dawa yake ni kumuuliza mwenyeji asubuhi maji yanajaa saa ngapi, na mtu mzima mmoja kukaa karibu na watoto bila simu mkononi. Watoto wavae viatu vya mpira majini, kwa sababu kwenye miamba yapo matumbawe yanayokata na viumbe wenye miiba kama ya nungunungu. Kwa mtoto mwenye ualbino, matembezi ya ufukweni ni ya mapema asubuhi na jioni, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, maana mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga usoni hata mtu akiwa kivulini.

BAADA YA KURUDI, NA WENYEJI WAKIJA

Familia ikisharudi Kasulu au Kibondo, chandarua kirudi kitandani usiku uleule, kabla hata ya mabegi kufunguliwa. Likizo ya wiki mbili haimwondolei mtu kinga aliyoijenga kwa miaka, lakini mbu wa nyumbani nao hawakwenda likizo.

Urafiki wa likizo huzaa mialiko. Mwakani huenda mwenyeji wa Nungwi akapanda basi na wanawe waje waone milima ya Uha, wale maharage mapya na asali ya Kibondo. Watoto hao watakuwa wamekulia mahali ambako malaria ni nadra. Mbu mmoja wa Kasulu anaweza kumlaza mtoto wa aina hiyo hospitali, hata awe na afya kiasi gani. Mwenyeji awatafutie chandarua kizima kabla hajatafuta mbuzi wa kuchinja, na wanapoaga awape neno la kwenda nalo: watakapopata homa wakiwa kwao, wasisahau kusema walikuwa Kigoma.