Pikapu mpya ya dizeli ni tamu, ila usiuze kinachozaa ununue kinachobeba



Leo tuongee kuhusu pikapu. Najua wengi humu mnaitamani, na mimi bado naitamani pamoja na yaliyonikuta. Ukisimama dakika kumi tu barabara kuu pale Vwawa utaziona zinapita kwenda Tunduma: Hilux, Ranger, D-Max, mpya kabisa, zinang'aa. Ukirudi zako Hasamba na kirikuu iliyojaa matope unajiona kama hata biashara hujaanza.

Msimamo wangu ni huu: pikapu mpya ya dizeli ni chombo kizuri sana, ila kwa mfanyabiashara mdogo wa huku kwetu mara nyingi inakuja kabla ya wakati wake. Nitaeleza kwa hesabu, sio kwa maneno matupu.

*Kwanza tuipe haki yake*

Anayesema watu wanapenda pikapu kwa sifa tu, hajawahi kutoa mzigo Hasamba mwezi wa pili. Mvua ikishika, kirikuu inalala njiani na nyanya zinaozea humo humo. Pikapu inayovuta kwa matairi yote manne inapita.

Afu injini zenyewe zimebadilika sana. Ile 5L ya Hilux za zamani, lita 3.0 bila tabo, nguvu yake ya kuvuta ni karibu Nm 200. Isuzu D-Max yenye injini ya lita 1.9 tu inatoa Nm 350. Injini ndogo, lakini inavuta kwa nguvu zaidi. Ukiwa na tani moja nyuma unapanda mlima, tofauti unaisikia mguuni. Ndani kuna kiyoyozi, unafika Tunduma hujachoka, unaongea na mteja ukiwa na akili zako. Utamu upo, tusidanganyane.

*Sasa yaliyonikuta mimi*

Miaka kadhaa nyuma niliuza ekari mbili za kahawa nilizorithi kwa baba, nikaongeza akiba, nikachukua dabo kebini iliyotumika, yenye injini hizi za kisasa. Watu wakanipongeza. Wakulima wakaanza kuniita bosi. Nikasema sasa mahindi na maharage napeleka Mlowo na Tunduma mwenyewe, habari ya kukodi basi.

Siku moja nina haraka, nikajaza mafuta ya dumu kwa jamaa pembeni ya barabara. Niliokoa kama shilingi 200 kwa lita. Siku mbili baadaye gari likaanza kukohoa, likapoteza nguvu, likazima. Fundi akafungua filta, akamimina kwenye chupa: dizeli juu, maji chini. Akaniangalia akasema, "Kaka, hii sio 5L."

Nozeli zote nne zilikufa. Bili ilipita milioni tatu, na gari likakaa juu ya mawe wiki tano. Maharage nilikuwa nimeshawalipa wakulima, ikabidi nikodi Canter ya mtu. Faida ya msimu ule iliishia hapo.

Fundi alinielewesha. Injini za zamani zilivumilia uchafu. Hizi mpya zinasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 1,500, wakati tairi la gari lako lina baa mbili na nusu hivi. Dizeli inapita kwenye vitundu vyembamba kama unywele. Tone la maji au vumbi kidogo linaharibu kila kitu. Kwa hiyo mafuta ya bei chee kwenye gari hizi ndiyo mafuta ghali kuliko yote.

*Tupige hesabu*

Chukua mfano tu, wewe weka namba zako. Pikapu mpya tuseme milioni 120. Una 40 mkononi, unakopa 80 kwa miaka mitatu. Kila mwezi:

- Marejesho: 2,900,000
- Bima kubwa: 400,000
- Dereva: 300,000
- Sevisi na akiba ya matairi: 350,000

Jumla 3,950,000, na hapo hujaweka mafuta.

Sasa tuseme kukodi pikapu ya mtu kutoka Hasamba mpaka Tunduma ni 120,000 na mafuta yake humo humo. Ukiwa na ya kwako, mafuta tuseme 40,000, basi kila safari unaokoa 80,000. Gawanya 3,950,000 kwa 80,000. Unapata safari 49 na kitu. Piga safari 50 kwa mwezi, yaani mbili kila siku kwa siku 25, ndio urudishe gharama tu. Hapo faida bado.

Jiulize: msimu wa mahindi ukiisha, hizo safari 50 utazitoa wapi?

Na pikapu inabeba tani moja hivi, yaani magunia kumi ya kilo mia. Mwenzako aliyeweka mahindi yake kwenye Fuso analipia usafiri wa gunia moja hela kidogo sana kuliko wewe. Kwenye mzigo mzito wa bei ndogo, pikapu haishindani.

*Inapolipa*

Pikapu inalipa pale unapouza haraka na uhakika. Parachichi na nyanya zisizosubiri. Vifaranga. Spea ambayo mteja anaitaka leo. Duka la vifaa vya ujenzi linalompelekea mteja saruji na mabati mpaka mlangoni, kisha gari linarudi na mzigo mwingine. Kama una kazi ya kwenda na kurudi umejaza, karibu kila siku, mwaka mzima, basi nunua, na usiogope maneno ya watu.

*Ukiona wakati umefika, zingatia haya*

1. Kodi kwanza. Kwa miezi mitatu andika kwenye daftari kila safari, umelipa ngapi, umebeba nini. Daftari ndilo likuambie ununue, sio jirani.

2. Chukua singo kebini. Dabo kebini inapendeza kanisani na kwenye harusi, ila bodi lake ni fupi. Wewe unauza nafasi ya mzigo, hauuzi siti.

3. Jaza kituoni, dai risiti. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zijue za mji wako. Ukiona mtu anauza chini sana, jiulize kapunguza nini.

4. Filta ya dizeli badilisha kwa wakati na maji yatoe. Taa ya maji ikiwaka kwenye dashibodi, simama. Usiseme nitafika tu.

5. Ukiagiza iliyotumika kutoka Uingereza, uliza kama ina chujio la moshi. Nyingi za miaka ya karibuni zinalo. Chujio hilo linataka gari litembee safari ndefu kwa mwendo mzuri ili lijisafishe. Ukiwa unazunguka kijijini tu, linaziba.

6. Ukibeba mzigo wa watu kwa malipo, pata leseni ya LATRA kabla hujaanza. Faini inakula faida ya safari nyingi.

7. Usiweke shamba wala nyumba ya familia dhamana kwa ajili ya gari. Gari linashuka thamani tangu siku ya kwanza unapoliwasha.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Ile pikapu niliiuza kwa hasara, sasa hivi nakodi na biashara inaenda vizuri. Lakini zile ekari mbili hazirudi. Kila mwaka mwezi wa sita napita pale nikienda kununua maharage, naona aliyenunua anavuna kahawa. Mibuni ni ile ile aliyoipanda baba. Mwenyewe huwa ananisalimia vizuri tu, "Habari za siku, bosi." Naitikia, napita.

Kwa hiyo ndugu yangu, pikapu itamani, hakuna dhambi. Ila inunue kwa faida ya kile ulichonacho, usikiuze chenyewe.

Wewe safari zako kwa mwezi ni ngapi? Chukua kalamu uhesabu leo, kabla hujaenda kuangalia gari.